Tusie Mbegu Kabla ya Mvua

Ndugu wanakikundi, mvua ya vuli hapa Ndara hunyesha zaidi Novemba na Desemba, halafu basi. Tukingoja inyeshe ndipo tusie nyanya na sukuma wiki, itakatika miche ingali midogo.

Basi tuanze mapema Oktoba, nyumbani, penye kivuli. Toboeni makopo chini, jazeni udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Fukieni mbegu sentimita 1, funikeni kwa nyasi, nyunyizieni maji asubuhi na jioni. Zikiota, ondoeni nyasi. Wiki ya mwisho punguzeni maji na kivuli, miche izoee jua.

Baada ya wiki 4 au 5, hamisheni jioni, udongo ukiwa umelowa. Mvua ikichelewa, miche ingoje makoponi. Maji kidogo ya nyumbani yatatosha.