Nta Inayouokoa Mpingo

Je, wajua kwamba kipande cha mpingo kilichokatwa leo Kilangala, mkoani Lindi, kinaweza kuanza kupasuka ndani ya siku chache, ingawa ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini? Kwa sababu hiyo, vipande vinavyotayarishwa kukerezwa klarineti, oboi na zumari za mfuko za Uskoti huchovywa katika nta iliyoyeyushwa kabla ya kusafirishwa. Wengi hudhani nta hiyo inazuia maji yasiingie, au ni pambo la kumvutia mnunuzi. Sivyo. Kazi yake ni kuyachelewesha maji yanayotoka. Nami nashikilia kwamba sehemu kubwa ya thamani ya mpingo wetu huokolewa au hupotea katika saa za kwanza baada ya msumeno kupita, hapahapa msituni, kabla kiwanda chochote cha Ulaya hakijaugusa.

Mti mbichi una maji ya namna mbili: yaliyojaa ndani ya mirija yake, na yaliyoshikamana na kuta za mirija hiyo. Ya kwanza yakitoka, umbo la mti halibadiliki. Maji yakipungua hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, yale ya kwenye kuta nayo huanza kutoka, na hapo ndipo mti husinyaa. Tena hausinyai sawasawa. Katika miti mingi, kufuata mzunguko wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili zaidi kuliko kutoka kiini kwenda gandani, na kwa urefu ni kidogo sana. Juu ya hayo, kwenye vichwa vya gogo, ambako mirija imekatwa na kuachwa wazi, maji hutoka mara 10 hadi 15 kwa kasi zaidi kuliko ubavuni. Kichwa hukauka na kutaka kusinyaa, ilhali sehemu ya ndani bado imejaa maji na haisogei. Nyuzi zikishindwa kuvumilia mvutano huo, huachana, na ufa ukishaingia hakuna gundi wala ufundi utakaourudisha mti ulivyokuwa. Nta ikiziba vichwa, maji hulazimika kupitia ubavuni, polepole, na mvutano hupungua.

Wapo watakaosema mpingo ni mgumu mno kuhitaji kudekezwa hivyo. Ugumu huo ndio unaouponza. Mita moja ya ujazo ya kiini chake huwa na kilo 1,200 au zaidi. Maji ya ndani hupenya kwa shida, kwa hiyo tofauti kati ya nje na ndani hudumu muda mrefu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba chini ya asilimia 10 ya gogo ndiyo huishia kuwa vipande vya kufaa kutengenezea ala. Nta haiponyi mti uliopinda, wenye shimo au wenye sehemu kubwa nyeupe ya nje. Lakini ufa wa kukauka unazuilika, na kuuacha utokee katika mti unaohitaji miaka 70 au zaidi kukomaa ni uzembe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba nta hufungia unyevu ndani. Ni kweli: kipande kilichofunikwa pande zote hukauka kwa taratibu mno, na kukaa kwake rafuni miaka miwili si ushahidi kwamba kimekauka. Mkerezaji akikiamini, bakuli atakalolikereza litapinda. Lakini hilo ni kosa la matumizi. Nta ibaki kwenye vichwa, ile ya ubavuni ikwanguliwe, kipande kikae kivulini penye hewa, na kipimwe uzito mara kwa mara hadi uache kushuka. Asiyeweza kungoja akikereze kikiwa kibichi, aache kuta nene, akipake tena nta kwenye vichwa, na amalizie kikishakauka. Parafini ya mishumaa inafaa. Nta ya nyuki pia, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi tu. Iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kwa maana nta ikipata joto kali juu ya jiko huwaka.

Vijiji vyenyewe vinaweza kudai nta ipakwe: Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 imevipa nafasi ya kumiliki na kuvuna misitu yao, na mwaka 2009 Kikole, wilayani Kilwa, ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Atakayesema kupaka nta ni kazi ya mnunuzi akumbuke kwamba mnunuzi huikadiria hasara ya nyufa kabla ya kutaja bei. Vijiji vyenye mpingo viandike katika mikataba ya uvunaji kwamba vichwa vya kila gogo vipakwe nta siku hiyohiyo ya kukatwa, na tarehe iandikwe juu yake.