Kubadilisha Kichakataji katika Kompyuta Kuukuu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

1.0 Utangulizi

Kompyuta za kazi nzito, yaani zile zilizoundwa kwa ajili ya wahandisi, wachoraji wa ramani na watafiti, hudumu kwa miaka mingi kuliko kompyuta za kawaida. Zikishaondolewa katika ofisi za nchi tajiri huuzwa kwa bei ndogo, na baadhi yake huishia katika vyuo vya Afrika. Katika mji wa Likasi, kama ilivyo katika miji mingine ya Haut-Katanga, mashine ya aina hiyo huweza kuwa ndiyo tegemeo la idara nzima: humo hutunzwa rekodi za mazungumzo, orodha za msamiati na tasnifu za wanafunzi. Inapoanza kuzidiwa na kazi, hutokea ushauri kwamba inunuliwe sehemu moja tu, nayo ni kichakataji chenye nguvu zaidi.

Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, na pia unaweza kuipotezea idara fedha zake za mwaka mzima. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kubadilisha kichakataji huleta faida pale tu masharti mawili yanapotimia: kwanza, ubao wa kompyuta uwe unakikubali kichakataji hicho, pili, kichakataji cha zamani kiwe ndicho hasa kinachochelewesha kazi. Masharti yote mawili yanaweza kuchunguzwa kabla ya kutoa hata faranga moja.

2.0 Kichakataji na kazi yake

Katika mazungumzo ya kila siku, wakazi wa Likasi hutumia majina ya Kifaransa, ordinateur na processeur. Katika maandishi ya Kiswahili sanifu yamezoeleka maneno kompyuta na kichakataji, na nchini Kenya hutumika pia neno tarakilishi. Neno kichakataji linatokana na kitenzi chakata. Huko Tanga, kuchakata mkonge ni kuliparua jani mpaka nyama yake itoke na nyuzi zibaki. Kitenzi hichohicho hutumika kwa madini: mawe husagwa, taka hutengwa, na kile chenye thamani hubaki.

Matumizi haya ya pili yanafaa sana kwa msomaji wa Likasi. Kwa miaka mingi, madini yaliyochimbwa na kusafishwa hatua ya kwanza huko Kambove yalipelekwa katika kiwanda cha Shituru, Likasi, ambako yaliyeyushwa katika asidi, kisha umeme ukaigandisha shaba juu ya mabamba. Kama matangi ya Shituru yangeongezwa maradufu ilhali mzigo unaotoka Kambove ni uleule, shaba isingeongezeka. Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Kichakataji hupokea data kutoka katika kumbukumbu, nayo kumbukumbu huzipokea kutoka katika diski. Mwendo wa kazi nzima huamuliwa na sehemu iliyo nyembamba kuliko zote katika mnyororo huo.

Aidha, uhusiano wa mji huu na kichakataji hauishii katika mfano. Hadi mwaka 1997, nyaya nyembamba zilizounganisha sehemu za ndani za kichakataji zilitengenezwa kwa alumini. Mwaka huo kampuni ya IBM ilitangaza njia ya kutumia shaba badala yake, kwa kuwa shaba hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kampuni nyingine zikafuata. Hata kifuniko cha juu kinachosambaza joto katika vichakataji vingi ni shaba iliyopakwa nikeli.

3.0 Sharti la kwanza: ubao ukikubali kichakataji

Kichakataji hukaa katika soketi iliyo juu ya ubao mama. Watu wengi hudhani kwamba kikiingia katika soketi basi kitafanya kazi. Dhana hiyo si sahihi, na mfano mzuri ni kompyuta ya HP Z420, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012.

Soketi ya Z420 huitwa LGA 2011, kwa sababu ina pini 2,011. Mwaka 2012 soketi hiyo ilipokea kizazi cha kwanza cha vichakataji vya Intel Xeon E5. Mwaka 2013 kikatoka kizazi cha pili, kinachotambulika kwa alama v2 mwishoni mwa jina. Vizazi vyote viwili vina umbo lilelile na huingia katika soketi ileile. Hata hivyo, mashine za Z420 zilizotengenezwa mwanzoni haziwezi kuwaka zikiwa na kichakataji cha v2.

Sababu iko katika bayosi, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya ubao, inayoiamsha kompyuta kabla ya programu nyingine zote. Sehemu ya msingi ya bayosi hiyo ina tarehe yake. Katika mashine za mwanzo tarehe hiyo ni 28 Desemba 2011, na katika mashine za baadaye ni 6 Machi 2013. Zile za 2013 hupokea vizazi vyote viwili, ilhali zile za 2011 hupokea kizazi cha kwanza peke yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba bayosi nzima inaweza kusasishwa kwa njia ya kawaida bila sehemu hiyo ya msingi kubadilika. Kwa hiyo, mashine iliyosasishwa jana huweza kubaki na tarehe ya 2011.

Uchunguzi wake ni rahisi. Kompyuta inapowashwa, mtumiaji hubonyeza kitufe cha F10, huingia katika mipangilio, na kusoma taarifa za mfumo. Tarehe imeandikwa hapo, mwezi ukitangulia siku. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, lakini ndiyo inayotenganisha ununuzi wa maana na ununuzi wa pambo la mezani. Kompyuta za kampuni nyingine zina masharti yake, na kanuni ni ileile: isomwe orodha ya mtengenezaji inayohusu ubao wenyewe, si soketi peke yake.

4.0 Sharti la pili: kazi ikitegemea kichakataji

Kichakataji cha siku hizi kina viini kadhaa, na kila kiini huweza kushughulikia sehemu yake ya kazi. Wauzaji hupenda kutaja idadi ya viini. Hata hivyo, mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alionyesha kwamba faida ya kuongeza wafanyakazi huwekewa mpaka na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika.

Tuchukue vichakataji viwili vya kizazi cha kwanza. Xeon E5-1620 ina viini 4 vyenye kasi ya gigahezi 3.6. Xeon E5-2670 ina viini 8 vyenye kasi ya gigahezi 2.6. Kwa ajili ya hesabu, tuache kando uwezo wa vichakataji hivi wa kujiongezea kasi kwa muda, na tuseme kuna kazi ambayo kiini kimoja cha E5-1620 kingeimaliza kwa dakika 100.

Ikiwa dakika 80 kati ya hizo zinaweza kugawanywa, E5-1620 itatumia dakika 20 kwa sehemu isiyogawanyika na 20 kwa sehemu iliyogawanywa mara 4; jumla ni dakika 40. Kwa viini 8 vyenye kasi ileile jumla ingekuwa dakika 30. Lakini kila kiini cha E5-2670 kina kasi ndogo zaidi, hivyo dakika hizo 30 huwa takriban 41.5. Idara ingekuwa imelipa fedha ili ingoje zaidi.

Ikiwa sehemu inayogawanyika ni dakika 95, mambo hugeuka. E5-1620 itatumia takriban dakika 28.8, na E5-2670 takriban dakika 23.4. Kichakataji ni kilekile. Kilichobadilika ni kazi.

Kwa idara ya lugha, hesabu hii si ya nadharia tu. Kuhesabu maneno katika mamia ya matini, au kuzigeuza rekodi nyingi za sauti kuwa maandishi kwa programu, ni kazi inayogawanyika vizuri kwa kuwa kila faili hushughulikiwa peke yake. Kinyume chake, programu nyingi za kawaida za kuandikia, na hatua nyingi za kusafisha rekodi moja, hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja.

Kabla ya kununua, basi, kompyuta ipewe kazi yake ya kila siku huku dirisha la kuonyesha matumizi ya mfumo likiwa wazi. Viini vyote vikifanya kazi karibu asilimia 100 kwa muda mrefu, kichakataji chenye viini vingi zaidi kitasaidia. Kiini kimoja kikizidiwa na vingine vikikaa bure, itafutwe kasi, si wingi. Kumbukumbu ikijaa, iongezwe kumbukumbu. Diski ikizidiwa huku viini vyote vikingoja, fedha zitumike kununua diski isiyozunguka. Katika mashine nyingi za umri huu, badiliko hilo la mwisho ndilo mtumiaji atakalolihisi kwanza.

5.0 Kazi yenyewe, joto na umeme

Bayosi isasishwe kwanza, wakati kichakataji cha zamani kingali mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ubao huweza kufa kabisa. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo umeme hauaminiki, kazi hii isifanywe bila betri ya akiba iliyojaribiwa.

Baada ya hapo kompyuta huzimwa na waya wa umeme huchomolewa. Anayefanya kazi hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Skrubu za kipoza joto hulegezwa kwa zamu, pembe kwa pembe. Pini za LGA 2011 zimo ndani ya soketi, nazo hupinda kwa mguso mdogo wa kidole. Kichakataji kishikwe kingoni, kiwekwe kwa kufuata alama zake, wala kisilazimishwe. Krimu kavu ya zamani husafishwa kwa alkoholi, kisha hutiwa krimu mpya inayopitisha joto, kiasi kidogo tu katikati.

Vumbi jekundu la kiangazi nalo lisisahauliwe. E5-1620 hutumia hadi takriban wati 130, na joto hilo lote ni lazima litoke. Feni na kipoza joto vilivyozibwa na vumbi hukifanya kichakataji kijipunguzie kasi ili kisiungue. Huenda mashine inayodhaniwa kuwa imezeeka inahitaji brashi tu.

6.0 Mipaka ya faida

Kichakataji kipya hakiwezi kuirudisha kompyuta ujana kwa kila hali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na vichakataji vya E5 vya vizazi vyote viwili haviko katika orodha ya vinavyokubaliwa na Windows 11. Njia iliyo wazi ni mfumo wa Linux, ambao unazihudumia vyema mashine hizi. Wasomi wa Kiswahili si wageni katika uwanja huo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye amri za Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba swali la kichakataji lipi ni chenye nguvu linapaswa kutanguliwa na maswali mawili: ubao unakubali nini, na kazi inakwama wapi. La kwanza hujibiwa na tarehe iliyomo katika bayosi, na la pili hujibiwa kwa kuitazama mashine ikifanya kazi. Majibu hayo yakipatikana, idara yenye fedha kidogo huweza kurefusha maisha ya mashine yake kwa miaka kadhaa. Yakikosekana, hununua kwa kubahatisha. Na kabla ya jaribio lolote, rekodi na matini zinakiliwe katika diski nyingine. Kichakataji kikiharibika huweza kununuliwa tena, lakini sauti ya mzee aliyerekodiwa miaka iliyopita, ikipotea, haina duka.