Miche ya Parachichi Ikija kwa Basi

Siku hizi wengi wenu mnaagiza kwa simu miche ya parachichi kutoka bustani za mbali, nayo inaletwa kwa basi. Hakuna ubaya. Lakini mche uliobebeshwa ni ghali, na ukifa umepoteza fedha na msimu. Basi tusikilizane.

Kabla hujatuma fedha, uliza. Ni aina gani, Hass au nyingine? Kiungo kimeshikana vizuri? Aina iandikwe kwenye stakabadhi. Usiagize kabla mvua hazijakaribia na mashimo hayajawa tayari: upana sentimita 60, kina sentimita 60, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza vizuri.

Mwambie mwenye bustani amwagilie siku moja kabla ya safari, siyo saa ya kupakia. Udongo uliolowa chepechepe humeguka ndani ya kiriba na mizizi midogo hukatika. Miche isimame wima kwenye kreti, isifungwe juu ya paa la basi upepo ukaikausha. Nawe uwepo stendi basi likifika. Hesabu miche, na iliyovunjika uipige picha hapo hapo mbele ya wakala.

Sasa, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mche umefika saa nne asubuhi, saa sita uko shimoni, kesho majani yamelala, na lawama zote kwa mwenye bustani! Mche huo umetoka kivulini, umetikiswa njia nzima, halafu unatupwa juani. Uweke kwanza chini ya mti au kibanda cha majani, uupe maji, upumzike wiki moja au mbili. Kisha uzoeze jua kidogo kidogo, asubuhi tu, halafu zaidi. Majani machache yakidondoka usihamaki. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha juu ya kiungo: ukiona kijani, mche ungali hai.

Panda jioni. Chana kiriba kwa wembe na ukiondoe chote, bonge la udongo lisipasuke. Kiungo kibaki juu ya ardhi, wala usikifukie hata kidogo. Udongo uinuke kidogo kuzunguka shina ili maji yasituame, kwani parachichi na maji yaliyotuama haviivani; mizizi huoza. Weka matandazo, lakini yasiguse shina, hasa kwenye mchwa. Simika kivuli cha makuti au majani ya mgomba upande wa jua la mchana. Mvua ikikatika, shika udongo kwa mkono. Ukiwa mkavu, mwagilia.

Mbolea ya dukani iache kwanza. Subiri majani mapya yatoke na kukomaa, ndiyo dalili kwamba mizizi imeshika.

Jambo moja husahauliwa sana. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'olewe kila mara. Hayo si Hass, ni ya shina la chini lililooteshwa kwa mbegu. Yakiachwa huua kikonyo cha juu, nawe utatunza mti kwa miaka mitatu ukisubiri matunda ya soko, kumbe umefuga parachichi la kienyeji. Mche ukifa juu na kuchipua chini, usijidanganye kwamba umepona. Uondoe, au umwite fundi aubebeshe upya.

Kipindi kijacho tutazungumzia kupogoa.