KUPIMA OILI YA GARI: MAMBO MADOGO YANAYORAHISISHA KAZI

Mkulima wa skimu apelekapo mazao yake Nairobi hujua bei ya kabichi, hujua ushuru wa soko, na hujua kiasi cha petroli kitakachomrudisha nyumbani. Lakini ukimwuliza oili ya injini imefika alama gani, mara nyingi atakujibu kwamba taa nyekundu haijawaka. Jibu hilo halifai. Habari hii yaeleza kwa nini halifai, na yaonyesha vitu vichache ambavyo kila mwenye gari aweza kujitengenezea kwa mikono yake ili kupima oili kusiwe kazi ya kumchosha.

Wakulima wengi wananunua pikapu kwa kushirikiana, watu watano au kumi pamoja. Gari kama hilo hulipiwa kwa jasho la misimu mingi, lakini injini yake yaweza kufa katika safari moja tu. Tena ikifia njiani, hasara si ya injini peke yake. Kabichi zilizomo huoza, wanunuzi hutafuta mwuzaji mwingine, na wenye gari huanza kulaumiana.

MUTHURWA NA KAZI YA OILI

Wengi wenu mnaujua Muthurwa. Ukitoka Soko la Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti, ukavuka barabara ya Haile Selassie, umefika. Siku hizi mtaa huo wajulikana kwa soko lake lililofunguliwa mwaka wa 2008 na kwa matatu zinazojaa hapo. Lakini nyumba zake za zamani zilijengwa wakati wa ukoloni ili wafanya kazi wa reli wapate pa kukaa.

Watu wa reli waliijua vizuri kazi ya oili. Dereva wa gari moshi la mvuke hakuondoka stesheni kabla ya injini yake kuzungukwa kwa kopo la oili lenye mdomo mrefu, na kila kiungo kikapata sehemu yake. Jambo hilo halikungoja siku yenye nafasi. Lilikuwa mwanzo wa safari yenyewe. Tena kopo lile lilitengenezwa kwa mdomo mrefu makusudi, ili mtu afike mahali pagumu bila taabu. Hapo pana funzo kwetu: chombo kinachofaa hufanya kazi ifanyike kila siku.

KWA NINI TAA HAITOSHI

Oili hukaa katika karai lililo chini ya injini, ambalo mafundi huliita sampu. Pampu huivuta kutoka hapo na kuisukuma mpaka kwenye beringi na vyuma vingine vinavyozunguka. Hapo oili huwa kama utando mwembamba kati ya chuma na chuma, visikwaruzane. Pia huondoa joto na kuchukua uchafu mpaka kwenye filta.

Taa nyekundu haipimi wingi wa oili katika sampu. Hupima nguvu ya oili inayosukumwa na pampu. Oili yaweza kupungua siku baada ya siku na taa isiwake, maadamu pampu bado inapata ya kuvuta. Gari likipanda mlima mrefu, kama vile kurudi Kinangop kwa njia ya Limuru, oili kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu huvuta hewa. Ndipo taa inapowaka, na wakati huo vyuma vimekwisha anza kusagana. Ukiiona taa hiyo gari likiwa mwendoni, simama mahali pa salama na uzime injini mara moja. Usijaribu kufika kituo kilicho mbele.

Kwa hiyo kipimo cha kutegemewa ni kile kijiti cha chuma kinachochomolewa kutoka kwenye injini, ambacho mafundi hukiita dipstiki. Watu hawakitumii kwa sababu ni vigumu kukiona gizani, oili mpya haionekani vizuri juu ya chuma kinachong'aa, na kitambaa cha kupangusia hakipo. Taabu hizi zote zina dawa.

VITU VYA KUJITENGENEZEA

1. Rangi kwenye mshikio. Injini ikiwa imepoa, pangusa mshikio wa kijiti kwa petroli kidogo, ukauke, kisha upake rangi ya manjano au nyekundu inayovumilia joto. Paka pia ukingo wa nje wa tundu lake. Hata saa kumi za alfajiri, kwa mwanga wa tochi ya simu, utakiona mara moja. Usifunge kamba wala utepe unaoning'inia, kwani waweza kunaswa na mkanda wa feni.

2. Mikwaruzo kwenye ncha. Oili mpya ina rangi ya asali na haionekani vizuri kwenye chuma. Chomoa kijiti, ziba tundu kwa kitambaa safi, kisha nenda mbali na injini. Chukua msasa laini usugue upande mmoja, kati ya alama ya juu na alama ya chini, mpaka chuma kipoteze mng'ao. Usizifute alama zenyewe. Osha kwa mafuta ya taa na ukaushe kabla ya kukirudisha. Oili itashika penye mikwaruzo na mwisho wake utaonekana wazi. Wako watu wanaotoboa vitundu kwenye alama, ili oili ionekane imejaa ndani ya tundu. Hiyo ni kazi ya fundi, maana kijiti kikidhoofika chaweza kukatika na kipande kikaangukia ndani. Kama ncha ya kijiti chako ni ya plastiki, usiisugue wala kuitoboa.

3. Karatasi nyeupe. Kama bado huoni vizuri, laza ncha ya kijiti juu ya karatasi nyeupe safi. Oili itaacha doa, na mahali doa linapoishia ndipo oili ilipofika. Karatasi hiyo pia huonyesha rangi ya oili.

4. Kopo la kitambaa. Tafuta kopo la bati lenye kifuniko, utie ndani vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi. Liweke ndani ya gari, nyuma ya kiti. Usiache kitambaa chenye oili chini ya boneti, kwa kuwa kikigusa bomba la moshi chaweza kuwaka moto.

5. Mahali palipo sawa. Gari likiwa limeinama, kijiti husema uwongo. Nyumbani chagua mahali pamoja pa kupimia. Laza ubao ulionyooka chini, na juu yake ulaze chupa iliyonyooka yenye maji, ukiacha nafasi ndogo ya hewa. Povu la hewa likikaa katikati, ardhi iko sawa. Geuza ubao upime na upande wa pili. Ukishapapata, weka mawe mawili bapa panapofikia magurudumu ya mbele, na kila mara usimamishe gari hapo hapo. Ukiwa Muthurwa au sokoni, usipime gari likiwa gurudumu moja limepanda ukingo wa barabara.

6. Chupa yenye alama. Watu wengi hujaza oili kwa kukisia, wakapitisha kiasi. Chukua chupa safi ya nusu lita, utie maji robo lita kwa kikombe cha kipimo, uchore mstari kwa rangi, kisha uyamwage na kuikausha chupa kabisa. Andika juu yake neno OILI kwa herufi kubwa, na uiweke mbali na watoto. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja, lakini kitabu cha gari lako ndicho kitakachokuambia kwa hakika. Faneli ya bati utaipata Kamukunji, ng'ambo ya barabara ya Landhies, ambako mafundi wa jua kali hufua bati mchana kutwa.

7. Daftari. Funga penseli kwenye daftari dogo na uliweke ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita na kiasi cha oili ulichoongeza. Injini iliyokuwa ikitaka robo lita kwa mwezi, sasa ikitaka robo lita kila juma, inaomba fundi. Kwa gari la kikundi jambo hili ni la lazima, kwa kuwa kila dereva hudhani mwenzake amepima. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

JINSI YA KUPIMA

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Kama gari limetoka safarini, zima injini na ungoje dakika kumi ili oili irudi chini. Magari mengine yana utaratibu wake, basi fuata kitabu. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena ndipo usome. Kipimo cha kwanza usikitegemee, kwa kuwa kijiti kimerushiwa oili wakati wa mwendo. Tazama pande zote mbili. Zikitofautiana, shika ile inayoonyesha oili kidogo.

Oili ikiwa kati ya alama mbili, ni salama. Ikikaribia alama ya chini, ongeza robo lita ya aina iliyoandikwa katika kitabu, ngoja kidogo, pima tena. Usipite alama ya juu. Oili ikizidi hupigwa na vyuma vinavyozunguka ikafanya povu, na povu haliwezi kulinda beringi.

Angalia na rangi. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi upesi, na weusi peke yake si ugonjwa. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa imepanda bila kuongezwa na yanuka petroli au dizeli, mafuta ya kuendeshea yanavujia ndani. Katika hali hizi mbili usiwashe injini. Mwite fundi.

JAMBO LA KUTOFANYA

Kijiti kikipotea, usitengeneze kingine kwa waya wala usichukue cha gari la aina nyingine. Tofauti ya upana wa kidole kimoja yaweza kukudanganya kwamba oili imejaa, kumbe imekwisha. Nunua kijiti cha injini yako hasa. Na mpaka ukipate, tundu lisiachwe wazi, kwa maana vumbi la barabara za shamba huingia na kusaga vyuma kama msasa.

Kazi yote iliyoelezwa hapa yaweza kumalizika jioni moja. Baada ya hapo kupima oili kutachukua muda mfupi kuliko kufunga turubai juu ya mzigo. Wenye gari la kikundi na wakutane, wachague mmoja wa kuzitia rangi na kuweka mawe, na waandike katika daftari jina la atakayepima kabla ya kila siku ya soko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali mno.