Usuhuba wa Vijana Waaminio
Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, tabibu Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Na kutokana na usuhuba huo, uliovuka mipaka ya rangi iliyokuwa migumu mno zama zile za ukoloni, uamsho wa imani ya Kikristo ulipata nguvu hata ukaenea Kenya na Tanganyika. Waumini wake walizoea kuungamiana dhambi waziwazi na kuonyana pasipo ghadhabu, na hapo, kwa rai yangu, ndipo mapenzi yao yalipoota mizizi. Lakini vijana wetu huimba kwaya moja miaka mingi, wala hawajui huzuni za wenzao. Basi, kijana, mtafute sahibu mwaminifu, umfungulie moyo.