Wino wa daftari la shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze walimu wenzangu wanaotumia kila siku kalamu za wino zinazoonyesha ndani. Faida yake ni kuona wino unapokaribia kwisha. Lakini wino una aina zake. Wa buluu wa kawaida husafishika upesi, bali paa likivuja, maji huufuta. Mwekundu aghalabu huacha madoa ndani ya kalamu. Ule wa kuchorea ramani hukauka kama gundi na kuziba, tusiutie kabisa.

Daftari la uandikishaji liandikwe kwa wino usiofutika kwa maji, uliotengenezwa kwa kalamu hizo, na kalamu ioshwe mara kwa mara. Aliyemaliza shule zamani akija kutafuta tarehe yake ya kuzaliwa, asikute doa la buluu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lipingo, Ruvuma.