Kupishana si kufuatana

Mdogo wangu wa darasa la sita anajitayarisha kwa mtihani wa taifa. Juzi aliniletea hesabu: basi linatoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa kilometa 60 kwa saa, wakati uleule kamyo inatoka Likasi kuja Lubumbashi kwa kilometa 40. Barabara tuihesabu kilometa 120. Zitakutana baada ya muda gani? Yeye alitoa 40 katika 60, akagawa 120 kwa 20, akapata saa sita. Saa sita! Basi lenyewe linafika Likasi kwa saa mbili.

Kugawa anajua. Swali alilisoma kwa Kifaransa, akaona namba mbili za mwendo, akakumbuka kwamba "hapa tunatoa". Nikamwomba anisimulie kwa Kiswahili. "Zinapishana njiani," akasema.

Sisi tunaosoma sarufi tumezoea kusema kwamba kiambishi -an- kinaonyesha kutendeana. Katika kupishana ni kweli: basi linapisha kamyo, kamyo inapisha basi. Kila moja inapunguza umbali kwa upande wake, kwa hiyo tunajumlisha: umbali unapungua kilometa 100 kila saa. Baada ya saa moja zimebaki 20. Gawa 120 kwa 100: saa moja na dakika 12, kilometa 72 kutoka Lubumbashi.

Kufuatana kuna -an- ileile, lakini kunadanganya kidogo. Basi likifuata kamyo, kamyo hailifuati basi. Ya nyuma inapunguza umbali, ya mbele inauongeza. Hapa ndipo tunatoa. Kamyo ikitangulia Lubumbashi kwa nusu saa, iko mbele kilometa 20. Basi linapunguza 60, kamyo inarudisha 40: umbali unapungua 20 kwa saa. Litaifikia baada ya saa moja, kilometa 60 kutoka mjini.

Kwa hiyo nilimpa swali moja la kujiuliza kabla ya kushika kalamu: nani anamfuata nani? Kama jibu ni "hakuna", basi aangalie kama zinakaribiana au zinaachana. Pote pawili anajumlisha.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na basi likishapita kamyo, yaya?"

Sasa kamyo ndiyo inafuata, nikamwambia. Akaandika mwenyewe: pengo linakua, kilometa 20 kwa saa.